Nani anaongoza soko la mitambo ya upepo? Maswali yenu na majibu

Kampuni ya Vestas ya Denmark ndiyo tuliyoijua. Mbona sasa wanatajwa Wachina tu? (Nyegezi)

Ni soko la nyumbani kwao. Kwa hesabu za BloombergNEF, watafiti wa soko la nishati, za mwaka 2024, nafasi nne za kwanza zote ni za Wachina: Goldwind, Envision, Windey na Mingyang. Vestas ikawa ya tano. Ila sehemu kubwa ya mitambo hiyo imefungwa China kwenyewe. Itoe China kwenye hesabu, Vestas inarudi juu. Ukiona orodha, angalia kwanza kama China imo, na kama zimehesabiwa megawati zilizofungwa au oda tu.

Wazungu walikwama wapi? (Igoma)

Walisaini mikataba kwa bei ya zamani, kisha UVIKO ikapandisha chuma na nauli za meli. Pia walikimbilia ukubwa. Panga (bawa la mtambo linalozungushwa na upepo) likirefuka mara mbili, eneo linalofagia huwa mara nne, lakini uzito unaweza kukaribia mara nane usipobadilisha malighafi. Mzigo huo unaangukia beringi, vyuma vinavyobeba mhimili unaozunguka. Mwaka 2023 kampuni ya Ulaya ya Siemens Gamesa ilikumbwa na kasoro za mapanga na beringi kwenye mitambo yake ya nchi kavu, hasara ikafika mabilioni ya euro.

Kuna mtambo mkubwa unaoweza kufika Ukerewe? (Nansio)

Panga kwa kawaida huja zima, halikunjwi. La mita 70 lipite kivuko cha Rugezi? Hapana. Ila si lazima mkubwa: Turkana, Kenya, walifunga mitambo 365 ya Vestas, kila mmoja kilowati 850 tu, na mapanga yake ni ya mita 25 hivi.

Nina kambi ya dagaa. Kimtambo cha Kichina cha kilowati 1 kitatosha taa na friji? (Ukara)

Soma kibandiko: kilowati hiyo kwa kawaida ni ya upepo wa mita 12 kwa sekunde. Upepo ukishuka nusu, hadi 6, nguvu inagawanywa kwa mbili mara tatu: unabaki na moja ya nane, yaani wati 125. Ukiwa 4, wati 37 hivi, friji sahau. Pima upepo miezi kadhaa, mchana na usiku, maana upepo wa ziwani na wa nchi kavu hupokezana. Mnara uzidi miti na mapaa ya jirani kwa mita 9.

Kinachoweza kuua vimtambo hivi ni betri kuchomolewa mapanga yakizunguka: mzigo ukiondoka ghafla, yanakimbia mpaka yanapasuka. Weka swichi inayokutanisha nyaya tatu za jenereta, ndiyo breki. Washa swichi hiyo upepo ukiwa mdogo, kisha ndipo uguse betri. Kwa taa peke yake, nunua sola.