Waya wa meno bandia kuota weusi: msiyatie kwenye jiki

Mkuu, umeuliza kuhusu meno ya kuvaa ya mama yako hapo Igoma: waya umeota madoa meusi, mdomoni anasikia ladha ya chuma, na jirani kamwambia ayalaze kwenye jiki. Jiki hapana kabisa. Klorini inakula chuma.

Mimi ni fundi maabara ya meno hapa hapa Mwanza. Wateja wengi wakiona weusi wanasema fundi kawabambika waya feki. Inawezekana, mafundi tunajuana, lakini mara nyingi chanzo ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaoganda kwenye meno.

Waya wa kawaida ni chuma cha pua, kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ile fremu nzima ya chuma huwa ni kobalti na kromiamu. Kromiamu ndiyo mlinzi: ikipata oksijeni inajifunika utando mwembamba usioonekana, na utando ukikwaruzwa unajirudishia wenyewe. Sasa ukoga ukijazana chini ya waya, bakteria kama Streptococcus mutans wanakula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Oksijeni nayo haifiki huko chini, kwa hiyo utando unashindwa kujirudishia, na chumvichumvi ya mate inatoboa. Ndiyo maana nje waya unang'aa wakati ndani, pale unapokumbatia jino au unapozama kwenye plastiki, umeshaanza vishimo. Na kila kishimo ni maficho mapya ya bakteria.

Jaribu hivi: pitisha ncha ya kucha juu ya doa. Likiteleza, huenda ni doa la chai tu, fundi atalitoa na chini waya ni mzima. Kucha ikikwama kwenye kishimo, huenda ni kutu, fundi aangalie. Ikiwa ni kutu, waya hubadilishwa, si lazima kutengeneza seti mpya.

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asikatazwe, nani atamkataza mama wa Kisukuma michembe? Ila inanata kwenye waya, kwa hiyo akishakula ayavue ayasuuze. Jioni atumie brashi laini na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akisugulia juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Mkunjo wa ndani wa waya ndio usuguliwe zaidi. Limao, siki na majivu aache. Maji ya moto pia, plastiki itapinda. Usiku ayavue, yalale kwenye maji safi ya kawaida.

Lile jino lake mwenyewe lililoshikwa na waya alipige mswaki kwa makini, maana ukoga huohuo unalitoboa, na likitoka waya hauna pa kushika.

Fizi zikiwa nyekundu chini ya plastiki, amwone daktari wa meno, huwa kuna fangasi. Halafu nijibu hili: jino linaloguswa na waya limezibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha? Metali mbili tofauti zikigusana kwenye mate huzalisha umeme mdogo, na ladha ya chuma inaweza kutokea hapo hata kama waya hauna kutu.