Ndugu zangu wananishurutisha niuze nyumba ya mama iliyo karibu na ufuo

Dada mpendwa,

Unasema mama yenu alifariki na kuacha nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini, kwamba wewe ndiye uliyebaki humo ukimuuguza hadi mwisho, na kwamba wadogo zako watatu wanaoishi mbali wamepata mnunuzi kupitia kwa dalali, nao wanakutaka utie sahihi kabla mwezi haujaisha. Unaniuliza iwapo ukikataa utaonekana mchoyo.

Kukataa kuharakishwa si uchoyo. Kwa maelezo yako, hati bado ina jina la marehemu, na mpaka apatikane msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria, hakuna hata mmoja wenu mwenye mamlaka ya kuiuza, hata mkikubaliana nyote wanne. Mnunuzi anayelijua hilo na bado anawakimbiza huenda anataka kuwapunja. Msipokee malipo yake ya awali, kwa sababu mkishayatumia hamtakuwa na nguvu tena ya kujadiliana naye.

Hapo, hata hivyo, ndipo utetezi wangu kwako unapoishia. Umeandika kwa kirefu jinsi unavyoipenda nyumba, lakini hukusema popote kama unaweza kuwalipa wadogo zako mafungu yao, nao ni warithi kama wewe. Tafuteni mthamini asiye na uhusiano na dalali wala na yeyote kati yenu, kisha uwaeleze kwa maandishi kiasi unachoweza kutoa na tarehe ya mwisho ya kukilipa. Risiti za paa uliloezeka kwa fedha zako ziweke mezani kabla ya mgawanyo. Zikitolewa baadaye zitageuka kuwa ugomvi. Usishangae mmoja wao akikukumbusha kwamba umekaa humo bila kulipa kodi, kwa kuwa naye ana hoja.

Kilichonishtua kuliko mvutano wenu ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: zege la dari la barazani linabanduka na nondo zimeanza kuonekana. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hupenya ndani ya zege hadi kwenye chuma, chuma kikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kuanzia ndani, kwa hiyo fundi atakayekupakia plasta mpya juu yake atakuwa anauficha ugonjwa. Zege bovu halina budi kuvunjwa, na nondo kusafishwa au kubadilishwa, kazi ambayo si ya fedha ndogo. Mwite mhandisi aikague nyumba kabla ya mthamini kuja. Waulize pia majirani wa siku nyingi maji ya bamvua yalikuwa yakikomea wapi zamani na sasa yanafika wapi, maana usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na ungali unapanda. Ikiwa ufuo unaliwa, nisingependa ukope kwa ajili ya kununua mafungu ya watu watatu.

Ukiona baada ya hesabu hizo kwamba huwezi, kubali iuzwe, ila mkataba utaje muda wa kutosha wa kuhama, kwa kuwa kati yenu wanne ni wewe peke yako utakayelazimika kutafuta pa kuishi.