Anza na folda moja

Umeuliza utumie programu gani kuunganisha klipu za familia zilizotapakaa kwenye simu na kompyuta. Kwenye Windows 11 jaribu Clipchamp, kwenye Mac iMovie; zote unaweza kuzitumia bure.

Ila kwanza kusanya klipu zote kwenye folda moja, na usiihamishe tena. Programu nyingi za uhariri hazinakili video, hukumbuka tu mahali zilipo. Ukihamisha folda, mradi unabaki na mapengo.

Kisha kata mwanzo na mwisho wa kila klipu, pale kamera inapotikisika. Muziki ushushe kabisa mtu anapoongea, tafadhali! Sauti ya bibi ndiyo mtakayoitafuta baadaye. Ukimaliza, hifadhi kama MP4 (aina ya faili la video) ya 1080p (ubora wa picha wa HD kamili), na klipu za asili usizifute.