Jibu: Mabasi ya umeme kuishiwa chaji kabla ya jioni

Salaam mkuu. Umesema mabasi yenu 20 ya umeme yanaishiwa chaji kabla ya zamu ya jioni, na mnafikiria kununua yenye betri kubwa. Subirini. Angalieni kwanza transfoma ya yadi: mabasi 20 yakichajiwa pamoja kwa kilowati 60 kila moja, yanataka kilowati 1,200. Kwetu haikumudu, mabasi yalitoka alfajiri na chaji nusu, nasi tukalaumu betri miezi mizima! Someni asilimia ya chaji basi linapotoka getini. Likitoka limejaa, hapo pimeni matumizi ya umeme: basi la urefu wa mita 12 hula takriban kilowati-saa 1 hadi 1.5 kwa kilomita, na milima na kiyoyozi huongeza. Mchana mnachaji dakika ngapi?