Nakimbia kilomita 21, je, siku 5 za Kilimanjaro zinanitosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi wa tisa natimiza miaka 40 na nimejiahidi siku hiyo inikute kileleni Uhuru. Nakimbia kilomita 21 bila shida, gym naenda mara nne kwa wiki. Nimepata nafasi kwenye kundi la njia ya Marangu, siku 5. Wenzangu wa gym wanasema nitafune vitunguu saumu, ninywe panadoli kila asubuhi kabla kichwa hakijaanza kuuma na nibebe kikopo cha oksijeni. Wengine wananiambia Diamox. Kipi kinafanya kazi kweli?

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa hiyo ahadi, ni ahadi nzuri sana. Umeuliza habari ya dawa lakini mimi macho yangu yameganda kwenye hizo siku 5, na kwenye hizo kilomita 21 ulizozitaja kama vile ni chanjo. Kila msimu nakaa na watu wanaoniambia "daktari mimi pumzi ninayo". Pumzi unayo, sikatai. Ila ugonjwa wa mwinuko hauulizi pumzi.

Pale Uhuru, mita 5,895, presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar, kwa hiyo kila ukivuta unapata karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajibu kwa kupumua haraka, na ukipumua haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inapoteza asidi yake, halafu ubongo unaona hapana, unaipunguza tena kasi ya kupumua hasa usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana kule juu mtu anashtuka usingizini anatafuta hewa. Wa kuirekebisha hiyo damu ni figo, na figo zinataka siku kadhaa. Sasa niambie, kukimbia kunazifundisha vipi figo kazi hiyo? Hakuzifundishi. Mazoezi yatakusaidia miguu, yatakusaidia usichoke hovyo, lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo, maana mwenye miguu mizuri anapanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea, anawaacha wenzake njiani, jioni anatapika.

Angalia hesabu ya Marangu yenyewe. Mandara unalala mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu moja kila usiku! Kanuni tunayoifuata madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya unapolala leo na unapolala kesho, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Halafu pale Kibo hulali hata usiku mzima, mnaamshwa karibu saa sita mnaanza kupanda tena mita 1,175 gizani kwenye baridi. Watu wanaiita njia ya Coca-Cola wakidhani ni laini kwa sababu kuna vibanda na vitanda. Kitanda hakikuzoeshi hewa nyepesi.

Kwa hiyo kabla ya kununua kidonge chochote, ongeza siku. Marangu ya siku 6 inakupa usiku wa pili Horombo, mchana unapanda mpaka kwenye mawe ya Zebra unarudi kulala. Bora zaidi Machame ya siku 7 au Lemosho ya siku 8, kule unapita Lava Tower kwenye mita 4,600 halafu unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Kupanda juu na kulala chini, hiyo ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote.

Diamox inafanya kazi, ndiyo, kwa sababu inazisaidia figo kazi ile ile niliyoieleza, haifichi kitu. Kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, ila uandikiwe na daktari anayekujua, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitawasha kama vina ganzi na utakojoa sana, usiogope. Na upimwe selimundu kama hujawahi, mwenye ugonjwa huo asipande kabisa, na hata aliyebeba kinasaba tu wengu wake unaweza kupata shida kule juu.

Vitunguu saumu vile kwenye supu tu, havizuii kitu. Kikopo cha oksijeni kinaisha dakika chache, mlima unabaki pale pale.

Panadoli ndiyo inayonikasirisha. Kichwa kikikuuma kidogo Horombo, ukanywa panadoli ukapumzika, si kosa. Kosa ni kuimeza kila asubuhi ili usisikie, maana kile kichwa ndicho kengele yako. Nilikuwa Kibo jioni moja, kijana mkimbiaji kabisa, amekaa kwenye ukingo wa kitanda anafunga zipu ya jaketi. Anailenga, inamkosa, anailenga tena. Namuuliza vipi, ananijibu niko fiti daktari, kichwa hakiumi. Nikamwambia atembee kwenye mstari wa mbao za sakafu, kisigino kiguse vidole. Hatua ya tatu akaegemea kitanda cha jirani. Alikuwa anameza vidonge vya maumivu tangu Horombo na ubongo ulishaanza kuvimba. Alitubishia sana, wagumu wawili, wale wabeba mizigo, wakamshika mikono tukashuka naye usiku ule ule. Kufika Horombo kunapambazuka anaomba chai, na ule ubishi wote haukumbuki.

Wabaya zaidi ni wanaowapa watu deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kimya kimya wakiita vidonge vya kukufikisha. Ile ni dawa ya kumshusha mgonjwa, siyo ya kumpandisha. Inazima dalili lakini mwili haujazoea chochote, ikiisha nguvu uko mita 5,700 na hujui kilichokupiga. Yeyote anayekuahidi kilele kwa kidonge, iwe gym, iwe kwenye simu, iwe pale getini, mkimbie. Hans Meyer, yule Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, alipanda mwaka 1887 akageuka, akarudi tena mpaka akafika kileleni 1889. Ahadi yako ya miaka 40 haiharibiki ukiitimiza ukiwa na 41.

Ukiwa njiani mweleze mwongozaji wako hali yako halisi kila jioni, usimdanganye ili akupitishe. Ukianza kuyumba kama mlevi, ukichanganyikiwa maneno, ukihema hata umekaa au ukikohoa mate yenye povu, unashuka saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, na hushuki peke yako.