Karate, judo na kung fu: nani kamzaa nani?

Maswali ni mengi, nachukua haya ya ukoo kwanza.

Kaka, karate si kung fu tu iliyobadilishwa jina?
Hapana bana, ila ni damu moja. Karate haikuzaliwa Tokyo, imezaliwa Okinawa, visiwa ambavyo zamani vilikuwa ufalme wa Ryukyu, Japani imekuja kuvichukua rasmi 1879, na muda wote huo watu wa kule walikuwa wanapanda meli kwenda Fuzhou, mkoa wa Fujian, China, wanafanya biashara na wengine wanarudi na ngumi. Chukua hawa wawili wa Okinawa: Higaonna Kanryo alienda miaka ya 1870, Uechi Kanbun akafuata 1897. We angalia kata (ule mfululizo wa mienendo ya kujifunzia) ya Sanchin, ile ya kusimama miguu imeng'ang'ania chini pumzi inasikika, Fujian wanayo kwenye mitindo ya kung fu inayoitwa Korongo Mweupe, viganja wazi. Uechi akaiacha hivyohivyo viganja wazi, upande wa Higaonna na mwanafunzi wake Miyagi Chojun ikaja kufungwa ngumi. Mi kwangu huo ushahidi unatosha, hadithi zingine wekeni pembeni.

Kwa hiyo asili ni Shaolin?
Shaolin tena jamani! Hekalu lile la watawa wanaosifika kwa kung fu liko Henan, bara huko kaskazini, Fuzhou iko pwani ya kusini mashariki, mbali kinoma. Kila chuo kinapenda kujipa babu wa Shaolin kama watu wa mwambao wanavyojipa babu wa Shiraz.

Na judo?
Judo ni ya kwao. Kano Jigoro kaianzisha Tokyo 1882, kaitoa kwenye jujutsu, mapigano ya kukabana ya masamurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani. Watu humtaja Mchina Chen Yuanyun aliyefika Japani karne ya 17 kuwa ndo kawaletea, sawa alifika, lakini mbona jujutsu ilishakuwepo kabla yake?

Nani mkali, karate au kung fu?
Inategemea nani anapiga na nani anapigwa. Tuendelee.

Mbona kwenye picha za zamani za kung fu sioni mkanda mweusi?
Kwa sababu hawakuwa nao. Mkanda mweusi na zile nguo nyeupe ni mambo ya Kano kwenye judo, afu Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate wa Okinawa, alivyoipeleka karate Tokyo 1922 akakuta watu wa judo wameshajipanga, akaazima kwao nguo, mkanda na madaraja. Kwahiyo siku hizi ukiingia chuo cha kung fu ukakuta watu wamefunga mikanda ya madaraja, ujue hapo Mchina ndo kaazima kwa Mjapani.