Maswali ya Wasomaji: Paneli za Ndani ya Ndege ya Kujiundia

SWALI: Mhariri, salamu. Ninaunda ndege ya viti viwili, Van's RV-7, katika karakana ya nyumbani kwangu Ohio, Marekani. Nataka kufunika mbavu za aluminiamu zilizobaki wazi pande zote mbili za chumba cha rubani, pamoja na pande za sehemu ya mizigo, jumla ya takriban mita 3 za mraba. Duka la plastiki lililo karibu nami linauza bodi za ABS za milimita 1.5 kwa bei nafuu. Mwenzangu mmoja ananishauri nitumie bati jembamba la aluminiamu, na mwingine anataka nijitengenezee paneli za povu na nyuzi za kioo. Ipi ni nyepesi zaidi? — Msomaji, Ohio

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu ya uzito tuimalize mapema. Bodi ya ABS ya milimita 1.5 ina takriban kilo 1.6 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kazi yako yote itafika kilo 4.7. Bati la aluminiamu la nusu milimita ni kilo 1.35 kwa mita ya mraba, yaani kilo 4 na kidogo kwa jumla. Paneli ya povu gumu la milimita 3, iliyovikwa kila upande tabaka moja la kitambaa cha nyuzi za kioo cha gramu 160, inaweza kushuka hadi gramu 900 kwa mita ya mraba iwapo fundi ataikamua vizuri resini, yaani gundi ya majimaji inayogandisha kitambaa hicho, na jumla yake itakuwa kilo 2.7. Kati ya iliyo nzito na iliyo nyepesi pana tofauti ya kilo 2 tu, sawa na lita 3 hivi za petroli ya ndege. Tena ukibandika juu yake kapeti ya gramu 600 kwa mita ya mraba, kapeti hiyo na gundi yake zitazimeza kilo hizo zote ulizozihangaikia.

Kwa sababu hiyo ningekuomba uanze na swali la moto na moshi, ambalo hukuliuliza. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair 111, aina ya MD-11, ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove, Nova Scotia, na watu wote 229 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Kanada walionyesha kwamba moto ulianzia penye nyaya zilizokuwa juu ya dari, ukashika vifuniko vya plastiki nyembamba vilivyozungushiwa blanketi za kuhami joto, kisha ukaenea mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuona. Tangu marubani waliponusa harufu isiyo ya kawaida hadi ndege ilipopiga maji zilipita kama dakika 21. Vifuniko vile vilikuwa vimefaulu kipimo cha moto kilichotakiwa wakati huo. Katika chumba kidogo kama chako, ambamo nyaya zinapita nyuma ya paneli na uso wa rubani uko karibu nazo kabisa, siamini kwamba utakuwa na muda wote huo.

Sheria ya Marekani hailazimishi ndege ya kujiundia kutimiza viwango vya moto vya ndege za abiria, kwa hiyo jukumu hili ni lako peke yako. Unaweza kuazima kipimo cha sekunde 12 cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Kata kipande chenye upana wa milimita 75 na urefu wa milimita 300, ukining'inize wima nje ya nyumba, mbali na petroli na rangi, huku ndoo ya maji ikiwa tayari. Kisha elekeza mwali wenye urefu wa milimita 38 kwenye ukingo wake wa chini kwa sekunde 12 na uuondoe. Kipande kinachokubalika hujizima ndani ya sekunde 15, hakiungui zaidi ya milimita 203, na matone yake yakianguka hayaendelei kuwaka zaidi ya sekunde 5. Jaribu kipande kilichokamilika, chenye gundi na kitambaa chake, kwa sababu mara nyingi gundi ndiyo inayobeba moto.

Nilipokijaribu kipande cha ABS ya kawaida, mwali wake wa manjano ulizidi kupanda hata baada ya kuondoa kichomeo. Kilidondosha matone yanayowaka, na nyuzi nyeusi za masizi zikaelea hewani zikanishika kwenye mikono ya shati. Tangu siku hiyo sijapendekeza bodi hizo kwa mtu yeyote. Ipo plastiki ya mchanganyiko wa akriliki na PVC, kama Kydex, ambayo hujizima vizuri zaidi, lakini unene uleule utakupa kilo 6 kwa mita zako 3, na PVC ikilazimika kuungua hutoa moshi wa asidi unaokaba koo.

Ushauri wangu ni huu: tumia aluminiamu kuanzia ukuta wa injini hadi nyuma ya viti, ambako kuna nyaya nyingi na mabomba ya mafuta, na uiache bila kapeti, kwa rangi peke yake. Paneli za povu na nyuzi za kioo ziweke kwenye sehemu ya mizigo tu, baada ya kufaulu jaribio, na usitumie povu la polistirini hata kidogo. Aluminiamu tupu hupiga kelele kama ngoma, nakubali, lakini vipande vichache vya kuzuia mtetemo, vilivyojaribiwa kwa moto vilevile, vinatosha.

Funga kila paneli kwa skrubu, ili siku ya ukaguzi uweze kuifungua na kuona nyaya. Ukiamua kutumia plastiki popote, toboa matundu mapana kuliko skrubu, kwa maana bodi ya ABS yenye urefu wa milimita 800 hutanuka karibu milimita 3 joto likipanda kwa nyuzi 40, na ikibanwa itapasuka penye tundu. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, keti kitini, sukuma fimbo ya kuongozea hadi mwisho wa kila upande, na umwombe mwenzako aangalie kama paneli inagusa chochote kinachotembea.

SWALI: Je, nyuzi za kaboni hazifai kwa kazi hiyohiyo? Ndege yangu ni Long-EZ, yote ya nyuzi za kioo. — Msomaji, Toronto

JIBU: Kaboni ni nyepesi na ngumu, lakini hupitisha umeme na huziba mawimbi ya redio. Katika Long-EZ, mafundi wengi huzificha antena za ukanda wa shaba ndani ya ngozi ya ndege, kwa hiyo paneli ya kaboni mbele ya antena itakunyima mawasiliano. Ikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, hivyo weka tabaka la nyuzi za kioo kati yake na kila kipande cha aluminiamu kinachoibeba. Kwa paneli isiyobeba mzigo wowote, mimi ningebaki na nyuzi za kioo.